Madereva wapeane zamu njia mbili zinapokuwa moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, lakini ambalo kwetu sisi tunaokaa kando ya barabara kuu si dogo hata kidogo. Nalo ni tabia ya madereva mahali ambapo njia mbili, baada ya kuvuka taa za kuongozea magari, zinaungana na kuwa njia moja.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya kijiji. Sina gari, na chombo pekee nilichowahi kuendesha ni baiskeli, pamoja na pikipiki ya shemeji yangu. Lakini shule yetu iko jirani na njia panda iliyowekewa taa, na kwa miaka sita sasa nimekuwa nikiyatazama magari asubuhi na jioni kama ninavyowatazama wanafunzi wangu. Nadhani hiyo inanipa haki ya kusema machache.

Mahali penyewe pako hivi. Barabara inakuja ikiwa na njia moja kila upande. Inapokaribia taa inapanuka, na wanaokwenda upande mmoja wanapata njia mbili. Ukishavuka taa, njia hizo mbili zinaendelea sambamba kwa hatua kama mia moja, kisha ile ya kushoto inakwisha na wote wanatakiwa kupita katika ile iliyobaki. Pale lami inapokoma kuna ukanda wa mchanga, halafu mtaro. Katika ukanda huo ndimo wanamopita watoto wetu kuja shuleni.

Asubuhi moja ya mwezi Machi 2025 nilikuwa mwalimu wa zamu, nimesimama hapo kuwaangalia watoto. Taa ikawaka kijani. Lori la saruji lililokuwa njia ya kulia na basi dogo la abiria lililokuwa njia ya kushoto yakaondoka pamoja. Ilitosha mmoja wao apunguze mwendo kwa sekunde mbili tu, mwenzake apite. Hakuna aliyepunguza. Njia ya kushoto ilipokwisha, basi likakosa pa kwenda, likashuka mchangani kwa kasi. Watoto wakatawanyika. Mmoja wao, msichana wa Darasa la Pili, alirukia mtaroni akavunjika mkono wa kulia, ule wa kuandikia.

Madereva wote wawili walisimama wakashuka. Lakini, Ndugu Mhariri, hawakushuka ili watazame mtaroni. Walishuka kugombana. Wa lori alisema, "Mimi nilikuwa kwenye njia yangu, huyu amekuja kunichomekea." Wa basi naye akasema, "Njia ile imechorwa kwa ajili ya nani? Hata mimi nalipa kodi kwenye mafuta." Nilipojaribu kuwaambia kwamba yupo mtoto ameumia, mmoja wao alinijibu kabla hajageuka: "Mwalimu, wewe unajua chaki, mambo ya barabara tuachie sisi." Alipogeuka na kumwona mtoto, alinyamaza. Nashukuru kwamba ndiye aliyetupeleka hospitali.

Tangu siku hiyo nimeyafikiri sana maneno ya wale wawili. Nimeona kwamba kila mmoja alikuwa na nusu ya haki, na kwamba nusu hizo mbili zilipogongana ndipo mtoto alipovunjika mkono. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi ndizo ziumiazo.

Tuchukue kwanza haki ya yule wa basi. Madereva wengi wanaamini kwamba mwungwana ni yule anayejipanga mapema katika njia itakayoendelea, hata kabla ya taa, akaiacha ile nyingine tupu. Anayeitumia njia ya pili wanamwita mhuni, na wanabanana mbele yake makusudi ili asipate mwanya. Hapo ndipo penye kosa la kwanza. Njia ile haikuwekwa kwa ajili ya wajanja. Imewekwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe hata mtoto wa Darasa la Tano anaiweza.

Taa ikiwa kijani kwa sekunde 30, na katika kila njia likapita gari moja kila sekunde mbili, njia moja itapitisha magari 15, na njia mbili zitapitisha 30. Mbele, penye njia moja, yatakuwa yamekwisha kupita 15, na 15 yatakuwa bado yanangoja zamu yao katika zile hatua mia moja. Hayo yatapita wakati taa imekwisha kuwa nyekundu na magari ya upande mwingine yanavuka. Kwa hiyo njia ya pili inaiwezesha njia panda kupitisha watu wengi zaidi katika kijani kile kile. Wote wakijipanga katika njia moja, yatavuka 15 tu, na foleni iliyo nyuma ya taa itakuwa ndefu maradufu. Najua kwamba barabarani mambo hayawi sawasawa kama ubaoni, kwa kuwa yapo malori mazito na wapo wanaokata kona. Lakini msingi ndio huo.

Tena tuseme yale 15 yanayongoja yote yamerundikana katika njia moja. Gari lililosimama pamoja na nafasi yake huchukua kama mita saba. Mara 15 ni mita 105, yaani zaidi ya zile hatua mia moja. Mkia wa foleni utabaki katikati ya njia panda, na wenzao wa upande mwingine watakuwa na kijani wasiweze kwenda. Yakijipanga katika njia zote mbili, mkia hauzidi mita 60.

Sasa tuje kwenye haki ya yule wa lori. Yeye amechoka na watu wanaotanua. Nami nakubaliana naye. Yupo dereva ambaye njia inapokwisha hakubali kuwa imekwisha, anaendelea mchangani, anapita magari kumi mengine, kisha anajichomeka mbele kwa nguvu bila hata kuwasha indiketa. Huyo hatumii njia, kwa sababu hapo njia hakuna. Anatumia mahali pa waenda kwa miguu. Ni lazima tutofautishe kati ya dereva anayefuata njia iliyochorwa mpaka mwisho wake na dereva anayetanua. Wa kwanza yumo katika haki yake. Wa pili anastahili kukamatwa. Kwa kuwachanganya wawili hawa tunamwadhibu asiye na hatia, na yule mwenye hatia huwa amekwisha kwenda zake.

Dawa ya ugomvi huu niliipata kwa chaki yangu hiyo hiyo. Nilipokuwa Chuo cha Ualimu nikisomea cheti cha Daraja A, tulipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja yenye madarasa makubwa. Asubuhi baada ya kutoka mstarini watoto walikuwa na misururu miwili, wavulana na wasichana, na mlango wa darasa ni mmoja. Siku ya kwanza niliwaambia tu, "Ingieni." Walisukumana, dawati likaanguka, na mmoja akatoka damu puani. Mkufunzi wangu hakunigombeza. Aliwarudisha nje, akasimama mlangoni, akasema: "Mmoja huku, mmoja kule." Darasa zima liliingia na hakuna aliyemgusa mwenzake. Hakumwambia yeyote kuwa yeye ni wa kwanza. Aliwapa zamu tu, na penye zamu hakuna wa kugombana naye.

Hilo ndilo ninalowaomba madereva. Tumieni njia zote mbili mpaka pale zinapokutana. Mkifika hapo, mmoja huku, mmoja kule. Wa kulia apite, wa kushoto aingie nyuma yake, wa kulia mwingine afuate. Kila mtu ampishe mmoja, si watano wala si sifuri. Kwa kumpisha huyo mmoja dereva anapoteza sekunde mbili au tatu, ambazo hata akizipata hatazifanyia lolote.

Wala si mimi niliyebuni utaratibu huu. Siku hizi hata mwalimu wa kijijini anaweza kusoma sheria za wenzetu katika simu yake. Ujerumani wameuandika katika sheria yao ya barabarani: njia inapokwisha, wanaoendelea wanatakiwa kuwaachia waliozuiliwa waingie mmoja mmoja kwa kupokezana, tena pale pale kabla ya njia kubana, si mbali nyuma. Wameupa jina la zipu, kwa sababu meno ya zipu huingiana moja la upande huu na moja la upande ule. Mwongozo wa madereva wa Uingereza nao unapendekeza kupokezana, lakini unaonya kwamba yafaa pale magari yanapokwenda polepole sana na pana usalama, na haifai penye mwendo mkali. Onyo hilo ni jema, nasi tulishike. Anayetoka kwenye taa huku akivuta mafuta yote ili amuwahi mwenzake hawezi tena kumpa mtu zamu.

Ndugu Mhariri, sitaki kuwasema madereva peke yao. Sisi abiria nasi tumo. Nani kati yetu hajawahi kusikia sauti kutoka viti vya nyuma, "Usimpe huyo! Banana naye!" Nakiri kwamba hata mimi nimewahi kusema hivyo, siku niliyokuwa nimechelewa kwenda mjini kushughulikia mambo ya mshahara wangu. Dereva alinisikiliza, akabanana, tukapita. Tulicheka garini. Sikugeuka nyuma kutazama aliyesukumwa alikwenda wapi. Leo najua kwamba huenda alikwenda mchangani.

Taifa letu limefanya kazi kubwa katika barabara. Barabara ya juu ya Tazara ilifunguliwa mwaka 2018, na ile ya Ubungo mwaka 2021, na kila apitaye huko anaona tofauti. Lakini haiwezekani kila njia panda ya nchi hii ijengewe barabara ya juu. Daima patakuwapo mahali ambapo njia mbili zinakuwa moja, ikiwa ni penye daraja, penye matengenezo, au penye taa kama hapa kwetu. Mahali kama hapo saruji haitusaidii. Kinachoweza kutusaidia ni ustaarabu, na ustaarabu haununuliwi kwa fedha za kigeni. Tukiuacha, sheria inayobaki ni ile ya mwenye nguvu mpishe, na kwa sheria hiyo mtoto wa Darasa la Pili hatavuka barabara kamwe.

Kwa hiyo natoa maombi manne. La kwanza, vyuo vya udereva viwafundishe wanafunzi wao kupokezana zamu kwa vitendo, kama vinavyowafundisha kurudi nyuma na kuegesha. La pili, wanaohusika na barabara waweke alama kabla ya mahali pa kubana, na mishale iliyochorwa isiachwe mpaka ikafutika, maana hapa kwetu mgeni hajui kuwa njia inakwisha mpaka imekwisha kwisha. La tatu, askari wa usalama barabarani wanapotoa elimu katika Wiki ya Nenda kwa Usalama waligusie jambo hili, na wanaotanua mchangani wachukuliwe hatua bila huruma. La nne ni letu abiria: tukiona dereva wetu amempisha mwenzake, tumwambie ahsante badala ya kumzomea.

Nao wanaopishwa wasisahau kunyanyua mkono. Nimeyaona haya kwa macho yangu pale njia panda. Dereva aliyeshukuriwa kwa mkono, mara nyingi gari linalofuata humpisha kwa moyo. Aliyechomekewa bila shukrani, anayefuata humbania. Kwa hiyo wema na ubaya wote huhama gari hadi gari, na siku nyingine ninaweza kukaa pale nikajua foleni nzima itakuwaje kwa kuyatazama magari mawili ya kwanza.

Yule msichana alirudi shuleni baada ya wiki mbili, mkono ukiwa kwenye plasta. Alikuwa miongoni mwa wenye mwandiko mzuri katika darasa lake. Kwa majuma kadhaa aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikiwa kubwa na zimeinama, na sikumsahihisha kwa kalamu nyekundu. Sasa plasta imetoka na mwandiko unarudi. Lakini bado asubuhi, akifika pale lami inapobana, anasimama na kungoja mpaka nimshike mkono, ingawa hapo havuki, anapita pembeni tu.

Ninamshika. Lakini ningependa siku moja apite peke yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kijijini,
Mkoa wa Pwani.