Farasi Sita Wamepungua, Mnalia Nini?

Wasee wa Voi, tuongee. Tangu Kawasaki watangaze Ninja 1100SX mwaka 2024, hapa steji ni kilio tu: injini imekua kutoka cc 1043 hadi 1099, lakini nguvu imeshuka kutoka farasi 142 hadi 136. "Wametuchezea!" msee mmoja ananiambia, amekalia Boxer. Boss, hao sita ulikuwa unawapeleka wapi?

Mimi chuo niliacha, haya nimeyasomea kwa lami. Mwaka jana niliovateki trela pale Maungu na nduthi yangu ya 150, basi likatokea mbele. Nikafungua mafuta yote, injini ikalia tu, haivuti. Nilirudi nyuma ya trela miguu ikitetemeka.

Hapo unataka mvuto wa chini, saa hiyo hiyo, na ndio hii injini kubwa inaleta. Wale farasi 142 walipatikana kwenye raundi 10,000. Nani amewahi kufika huko kwa kona za Mwatate kupanda Wundanyi? Na ndovu akikatiza barabara kule Maktau, utauliza farasi ama breki?

Mkitaka kulia, tulieni bei. Hiyo nitawasaidia.