Ukienda Majuu, Usiache Laini Yako na Mtu

Ukisimama JKIA jioni utaona dada au kaka anaagwa, anaelekea Riyadh, Doha au Dubai. Kabla hajaingia ndani, anatoa laini yake ya Kenya, anampa mdogo wake na kumnong'oneza namba ya siri. "Nishikie hii, nitakuwa natuma pesa hapo."

Tunaelewa. Ni upendo, tena ni kuaminiana. Lakini kwa maoni yetu, hapo ndipo watu hukosea.

Laini imesajiliwa kwa jina na kitambulisho chako. Anayeishika akijua namba ya siri anaweza kupokea, kutuma na hata kukopa, na yote yataandikwa ni wewe. Mkopo usipolipwa, jina linalopelekwa CRB ni lako. Mkataba unaisha, unarudi ukitaka mtaji wa kufungua duka, unaambiwa una deni. Hapo umepoteza pesa, na undugu nao umeingia doa.

Kuna jambo lingine. Katiba ya 2010 inasema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia hata akichukua wa nchi nyingine. Laini haina bahati hiyo. Ikikaa kimya muda mrefu inaweza kufungwa, na namba ipewe mtu mwingine. Chama kinakutafuta, hupatikani. Kukiwa na matanga, orodha ya michango inasomwa na jina lako halimo. Mia mbili iliyoingia kwa jina lako inawaambia watu kwamba bado uko nao. Elfu kumi iliyopitia laini ya mwingine haisemi hivyo.

Kwa hivyo, kabla ya kusafiri fanya haya:

- Safiri na laini yako. Uliza mapema kama itashika mtandao huko uendako.
- Itumie mara kwa mara, hata kwa kununua kredito kidogo.
- Pesa za nyumbani zitume kwa laini ya mpokeaji mwenyewe, iliyo kwa jina lake.
- Namba ya siri usimpe mtu. Hata mama.

Na nyinyi mliobaki nyumbani, aliye mbali si mashine ya pesa. Msimtafute siku ya karo peke yake. Mpigieni pia siku ambayo hamna shida.