Bisi zisipopasuka, chunguza gunia kwanza

Vikaangio vya hewa moto vimeingia majikoni Nairobi, Kampala na Kigali, na wengi hujaribu kukaanga bisi humo. Punje zikibaki ngumu chini ya kikapu, mashine hulaumiwa. Mara nyingi kosa liko kwenye gunia.

Punje ya bisi hupasuliwa na mvuke wa maji yaliyomo ndani yake, joto linapofika nyuzi 180 hivi. Inahitaji unyevu wa asilimia 13 hadi 14. Ikianikwa kupita kiasi, mvuke hautoshi. Ikifungwa mbichi, huota ukungu.

Mfanyabiashara wa Busia au Mutukula ana nafuu: mahindi yaliyolimwa ndani ya Jumuiya hayatozwi ushuru wa forodha yakiwa na cheti cha uasili, na kwa mzigo usiozidi dola 2,000 cheti hicho kimerahisishwa.

Lakini cheti hakipasui bisi. Apime unyevu kabla ya kushona gunia, na amwambie mteja azihifadhi punje katika chombo kilichozibwa. Mteja aliyeuziwa punje bubu harudi, awe upande wowote wa mpaka.