Kabla ya sindano ya urembo, vaa kofia

Wewe unayesoma haya ukiwa Voi, hebu pekua simu yako dakika tano tu. Utakutana na tangazo la urembo wa ngozi: sindano ya kuondoa mikunjo, dripu ya kung'arisha, leza ya kufuta madoa. Kliniki iko Nairobi au Mombasa, bei ni maelfu, na treni ya SGR inapita hapa hapa kwetu. Una miaka 23 na tayari unaambiwa unazeeka!

Sikatai, sayansi imepiga hatua. Botox, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa mikunjo ya katikati ya nyusi, hulegeza misuli ya uso kwa miezi mitatu au minne, kisha unarudi kulipa tena. Tretinoini, dawa ya kupaka iliyoanza kama ya chunusi, husaidia ngozi kutengeneza kolajeni, ingawa mjamzito haruhusiwi kuitumia. Leza nazo zamani zilikuwa zikiunguza ngozi nyeusi kwa sababu melanini inafyonza mwanga wake. Siku hizi zipo za mawimbi marefu zilizo salama zaidi kwetu, mradi anayeishika awe amesomea.

Lakini tuambiane ukweli. Wangapi kati yetu tunafika kwa daktari huyo? Wengi tunaishia kibandani, kwenye kopo lisilo na jina.

Binamu yangu amenipa ruhusa nisimulie yake. Alipaka krimu ya aina hiyo miezi minane. Mwanzoni aling'aa kweli, hadi tukamwonea wivu. Baadaye ngozi ya mashavu ikawa nyembamba, mishipa ikaanza kuonekana, na jua la saa nne asubuhi likawa linamwasha kama pilipili. Daktari alimwambia hizo ni dalili za steroidi. Msichana alikuwa anakimbia uzee, akaukuta njiani.

Na steroidi si mwisho wa balaa. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha madoa ya rangi ya samawati iliyokolea ambayo ni shida kuyaondoa. Vipodozi vyenye viambato hivyo viwili vimepigwa marufuku Kenya kwa miaka mingi, ila marufuku haifiki kwenye kopo lisilo na lebo. Kuhusu dripu za glutathaioni, mamlaka za dawa za Marekani na Ufilipino zimeshatoa onyo.

Sasa nikwambie kinachotuzeesha kweli. Mwaka 2012 jarida la matibabu la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69. Alikuwa ameendesha miaka 28, na upande mmoja wa uso wake, ule wa dirishani, ulikuwa umekunjamana vibaya kuliko mwingine. Mtu mmoja, nyuso mbili! Miale ya UVA hupenya kioo. Voi ni mji wa trela, na sisi tuko nyuzi tatu na ushee tu kusini mwa ikweta. Mfikirie deree wetu, utingo wake, mwanabodaboda wa steji, mama mboga na kibarua wa shamba la mkonge.

Mwaka uliofuata, watafiti wa Australia walitoa matokeo ya watu wazima 903 waliofuatiliwa miaka minne na nusu. Waliotakiwa kupaka losheni ya kukinga jua kila siku walikuwa na dalili za kuzeeka kwa ngozi pungufu kwa asilimia 24 wakilinganishwa na waliopaka walivyotaka. Hakuna sindano hapo.

Najua utaniuliza: si sisi ni weusi, jua litatufanya nini? Melanini inatukinga, na ndiyo maana mama zetu wanachelewa kukunjamana. Ila kwetu uzee wa ngozi mara nyingi huja na madoa kabla ya mikunjo. Isitoshe, hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho unaweza kuyakoleza. Kwa hiyo ukinunua losheni, tafuta yenye rangi iliyochanganywa oksidi ya chuma. Haikuachi mweupe kama aliyepakwa unga, na huzuia mwanga huo.

Shida ni chapaa. Chupa ndogo inaweza kumeza kipato cha siku nzima cha mwanabodaboda. Basi tuanze na kisichotuumiza mfuko: kofia pana, mikono mirefu, na kivuli kuanzia saa nne hadi saa kumi.

Hapo ndipo naitazama kaunti yetu. Ukifuata lami kutoka Voi hadi Taveta, ukavuka mpaka Holili, unafika Moshi. Katika hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa 1992, kinachofundisha maafisa wa kliniki kutoka nchi nyingi za Afrika. Hapo hapo Moshi hutengenezwa Kilisun, losheni ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino, ambao kwao jua ni suala la uhai na saratani, si urembo. Yaani jirani zetu wameonyesha kwamba losheni hii inaweza kutengenezwa hapa Afrika Mashariki, na ikawafikia wanaoihitaji zaidi.

Kwa nini Taita Taveta isipeleke maafisa wa kliniki wawili au watatu wakasomee huko? Wakirudi, binamu wa mtu mwingine atapata wa kumuuliza kabla hajafungua lile kopo.

Wewe nawe, ukiwa na pesa na daktari aliyesajiliwa, fanya utakalo na uso wako, sitakuhukumu. Lakini kopo likikosa lebo, rudisha. Na kesho ukitoka saa sita mchana, usisahau kofia.