Bomu la Macintosh lilikuwa na maana

Bomu la Macintosh lilikuwa picha iliyotokea kwenye skrini kompyuta hiyo ilipokwama kwa hitilafu. Picha aliichora Susan Kare, lakini habari yenyewe ilikuwa kwenye namba iliyoandikwa chini yake. ID 02, kwa mfano: prosesa ya Motorola 68000 haikubali kusoma biti 16 kwa mkupuo kuanzia anwani ya kumbukumbu isiyogawanyika kwa mbili. Programu ikijaribu, inasimamishwa palepale. Na mashine ile ya 1984, yenye kilobaiti 128 tu, haikuwa na ukuta kati ya programu na mfumo endeshi. Programu moja ikivuruga kumbukumbu, vyote viliangamia. Watumiaji wengi walijilaumu bure, nami hilo linaniuma. Kitufe cha kuendelea kilichotokea pamoja na bomu mara nyingi kilikuwa kimefifia, ikabaki kuwasha upya.