Mfalme na Kalamu Yake



Wengine huuliza: Mkristu akipewa kazi ya serkali, imani yake aiweke wapi? Aiache mlangoni pamoja na kofia yake? Ama aifanye iwe sheria kwa watu wote? Tutazame jambo lililompata Baudouin, mfalme wa Ubelgiji, yule aliyekuwapo Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, siku ya 30 Juni 1960, nchi yetu ilipopata uhuru.

Mwezi wa Machi 1990, Bunge la Ubelgiji lilikubali sheria ya kuruhusu kutoa mimba kwa masharti fulani. Katika nchi ile, sheria haina nguvu mpaka mfalme aitie sahihi. Baudouin, Mkatoliki thabiti, aliona kwamba dhamiri yake inamkataza. Akamwandikia waziri mkuu, Wilfried Martens, kwamba hawezi kuitia sahihi. Akauliza: je, uhuru wa dhamiri ni wa raia wote isipokuwa mfalme peke yake?

Lakini angalieni vema. Hakuvunja Bunge, wala hakuita askari. Aliomba itafutwe njia ya haki ili kazi ya Bunge isizuiliwe. Basi mawaziri, wakifuata katiba, wakatangaza kwamba mfalme hawezi kutawala kwa muda. Wakaitia sahihi wao wenyewe. Siku ya 5 Aprili Bunge likamrudisha katika kiti chake. Muda wote haukutimia siku mbili.

Mtu aweza kusema: Sheria ilipita vilevile, kukataa kwake kulifaa nini? Kulifaa hivi: dhamiri yake ilibaki safi mbele ya Mungu, na Bunge likabaki Bunge la watu wote.

Katiba yetu ya 2006, katika kifungu chake cha kwanza, yasema kwamba dola letu halina dini. Basi wewe karani, unayeandika watoto waliozaliwa: Mprotestanti, Mkimbangu na Mwislamu wasimamao mbele ya meza yako wana haki moja na Mkatoliki. Usimtangulize ndugu wa parokia yako. Lakini ukiamriwa kuandika uongo, weka kalamu chini, nawe uwe tayari kupata hasara kwa ajili hiyo. Imani yako ikuongoze wewe. Isiwe fimbo ya kuwapigia wengine.