Vifo vya unga havihesabiwi: Ngagara nayo imo njiani

Tangu soko kuu la Bujumbura liungue Januari 27, 2013, sehemu ya biashara imehamia kaskazini mwa jiji, Ngagara, kwenye soko linaloitwa Kwa Siyoni. Penye soko pana utingo, wapakiaji na vijana wa vibarua. Heroini, ambayo vijana wa Bujumbura huiita boost, hutafuta wateja miongoni mwa watu wa namna hiyo.

Unga huo hautengenezwi hapa. Asili yake ni Afghanistan, na huvuka Bahari ya Hindi kwa majahazi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Desemba 2023 Tanzania ilikamata zaidi ya tani 3 za heroini na methamfetamini jijini Dar es Salaam na Iringa. Unaopita, sehemu yake hubaki njiani.

Je, wanakufa wangapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 dawa za kulevya ziliua watu 600,000 hivi duniani, na 125,000 hivi kati yao walikufa kwa kuzidisha dawa za jamii ya afyuni. Lakini marehemu asipopimwa damu, huandikwa kuwa moyo ulisimama. Kifo kisichohesabiwa hakitengewi bajeti.

Heroini huua kwa kuzima pumzi. Aliye hatarini zaidi ni anayeichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, na yule aliyeiacha kwa muda, tuseme akiwa jela, kisha akarudia kipimo chake cha zamani wakati mwili umeshakizoea kuishi bila hicho.

Kinga ipo. Naloksoni hurudisha pumzi kwa dakika chache. Methadoni hupunguza vifo. Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2011 na Kenya mwaka 2014.

Kwa wasafirishaji, jambo ni hili: utingo akikoroma isivyo kawaida, midomo ikabadilika rangi na haamki ukimwita, usimwache kabini ukidhani amechoka. Asipopumua, mpulizie pumzi mdomoni. Akipumua, mlaze ubavu. Mkimbize hospitali na useme ametumia nini. Wengi hunyamaza kwa kuogopa polisi, na wakati huo huo mtu anakata roho.

Gunia moja likipungua mpakani tunaandika barua. Utingo akifa kwa unga, naye aandikwe hivyo.